Shuka Ndipo Unisalimie

Waliomuuza punda wa Sista bado wanakuja dukani kwangu. Wananunua dawa ya minyoo ya mbuzi, wananiuliza habari za watoto, wanacheka. Nawahudumia, maana duka ni duka, lakini moyoni nawatukana kuanzia unyayo hadi utosi. Anayedhani nitayasimulia haya kwa upole atafute msimuliaji mwingine.

Sista si mtawa. Kwetu Babati kila nesi wa kike ni Sista hata akistaafu, na huyu alikuwa jirani yangu Nakwa kabla sijapata mtoto wangu wa kwanza. Jina lake analo, ila nikilitaja atanichapa kofi. Ni mfupi, mabega mapana, miguu imepinda kidogo kwa nje, na ukimwona anatembea unadhani kuna kitu kimepita katikati ya magoti yake kikaacha nafasi. Kilipita kweli. Kilikuwa farasi.

Miaka yake mizuri ya kazi aliimaliza Lesotho, ile nchi ya milima huko kusini, kwenye zahanati ambayo gari liliishia mbali nayo. Kutoka hapo kwenda kuwachanja watoto au kumzalisha mama upande wa pili wa mlima ilikuwa ni farasi au miguu yako. Na msifikirie farasi wa kwenye sinema, wale warefu wanaong'aa. Hawa ni farasi wa kienyeji, wafupi, vifua vipana, baridi ikiingia wanaota manyoya kama kondoo. Wana mwendo wao ambao si kutembea wala si kukimbia: miguu inakwenda harakaharaka huku mgongo umetulia tuli.

"Unaweza kunywa chai juu yake," aliniambia.

"Sista, acha kunidanganya."

"Nilikunywa. Tena ya maziwa."

Siku ya kwanza aliaibika. Alijifunga khanga vizuri kama alivyofundishwa na mama yake, akapandishwa, akakaa upande, miguu yote miwili huku, kama tunavyopakiwa sisi wanawake nyuma ya baiskeli. Mzee aliyepewa kazi ya kumsindikiza akamtazama, akazunguka akamtazama upande wa pili, akauliza nesi ni yupi na mzigo ni upi. "Mzigo ndio unaokaa upande," akamwambia. "Mtu anapanua miguu." Sista alishuka, akaingia ndani, akatoka amevaa suruali ya kuazima. Tangu siku hiyo hajakaa upande juu ya kitu chochote duniani.

Mnaelewa basi ilivyokuwa hapa mjini. Bodaboda zilipojaa, wanawake wenye heshima zao wakawa wanakaa upande, mkoba mapajani. Sista alipanda kwa kupanua, suruali chini ya gauni. Akina mama wa kwaya walisema mpaka wakachoka. Mmoja alimfuata kumshauri kwa upendo, akajibiwa, "Mimi si gunia la mahindi." Na ukimwona mtu anaburuzwa na mambo, kaozeshwa bila kutaka au kaonewa kazini na kanyamaza, Sista alikuwa na neno moja tu: "Huyo amekaa upande."

Jambo lililowaudhi zaidi madereva wa bodaboda ni salamu. Huko milimani alikokaa, aliyepanda hakumsalimia mzee aliye chini akiwa angali juu ya mnyama. Unashuka, unashika hatamu, unasalimia, unaulizia nyumbani, ndipo unapanda tena. Sista alirudi na desturi hiyo akaileta kwenye pikipiki. Akimwona mzee njiani anampiga dereva begani: "Simama nishuke." Anashuka, shikamoo, habari za nyumbani, ng'ombe hawajambo, anapanda tena. Kutoka Nakwa hadi sokoni kuna wazee wengi sana. Madereva wakawa wakimwona kwa mbali wanageuza pikipiki na kujifanya wana abiria. Wenye magari ndio alikuwa hawahurumii kabisa. Mtu akishusha kioo na kumwita "Shikamoo Sista!" huku injini inanguruma, alimjibu hivi: "Shuka ndipo unisalimie." Baadhi walishuka. Baadhi walipandisha kioo.

Msidhani basi nawachorea malaika. Alikuwa mkali, tena ukali wenye uonevu ndani yake. Wamama aliowazalisha wanasema mikono yake ilikuwa laini na mdomo wake pilipili. Mbwa hakuwapenda, aliwarushia mawe. Mimi mwenyewe alinisema mbele ya wateja kwamba dawa zangu nimezipanga juani na kwamba naua mifugo ya watu, na ingawa nilizihamisha siku hiyohiyo, sikumsemesha kwa wiki nzima. Na wanyama wenyewe hakuwadekeza. Farasi wake wa kule alimng'ata mkono, naye akamshika sikio akaling'ata. "Tukaheshimiana," alisema, basi, hadithi imekwisha.

Ila yuleyule farasi ndiye aliyemfundisha kitu alichokirudia kuliko sala. Wanateremka mlima mkali, njia imejaa mawe yanayobiringika, kushoto hakuna kitu. Sista akaogopa akazivuta hatamu kwa nguvu zake zote. Farasi akaanza kuteleza, maana amefungwa kichwa, haoni pa kukanyaga. Yule mzee nyuma yake akapiga kelele: legeza! Akalegeza, akafumba macho, akamkabidhi Mungu roho yake, na farasi akainamisha kichwa na kuchagua jiwe moja baada ya jingine mpaka chini. Ndiyo maana mama akiwa kwenye uchungu, Sista humwambia, "Legeza mkono." Nilipombana sana binti yangu Neema alipoanza kidato cha kwanza, akaniambia hivyohivyo. Nikamuuliza mbona yeye haulegezi mdomo. Alicheka kweli siku ile.

Na kuna hili, ambalo alilisema mara moja tu, tunachambua mboga uani kwake. Zahanati nzima hakukuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili. Kazini ni Kiingereza, kijijini ni lugha yao, ambayo aliijua nusunusu. Kwa hiyo alimsemesha farasi. Njia nzima, kupanda na kushuka, alimsimulia habari za nyumbani, akawasengenya madaktari, akamwimbia. Farasi alikuwa na jina lake la huko, lakini Sista alimwita "Wewe" tu. Akisema "Wewe!" mnyama anasimama popote alipo na kugeuza masikio. "Miaka yote ile," aliniambia, "mtu wangu wa Kiswahili alikuwa yule." Kisha akanikaripia kwamba nakata mchicha na mizizi.

Aliporudi alirudi na tandiko. Ngozi nzito, vikuku vya chuma vya kuwekea miguu, harufu ya jasho la mnyama. Liliwekwa sebuleni juu ya benchi, pale ambapo watu wengine wanaweka kochi la wageni, na alilipaka mafuta ya mgando kila Jumamosi. Mgeni alikaa pengine.

Sasa tuje kwa punda. Magoti yalipoanza kumsumbua, bodaboda ikawa shida kupanda, bajaji zikawa hazipendi njia ya kwake mvua ikinyesha. Akanunua punda dume, wa kijivu, sikio moja limechanika ncha. Nyote mnajua punda wa kwetu ni nini. Ni madumu ya maji, magunia ya mahindi, fimbo, na kidonda kinachofunikwa na gunia lingine. Sista alikuwa akija dukani kuchukua ile dawa ya kupulizia vidonda, anakwenda nayo mnadani kuwapulizia punda wa watu asiowajua, huku wenyewe akiwapa vipande vyao. Kwenye sala ya jumuiya mzee mmoja alileta ile methali yetu, fadhila za punda ni mateke, akimsema mtoto wake aliyemsahau. Sista akasimama. "Hebu niambie, mzee wangu. Fadhila gani umewahi kumtendea punda?" Tukafunga kwa wimbo.

Tandiko la farasi halikumkaa punda, likabaki sebuleni. Akashona godoro dogo la gunia na sufi. Kwa miezi alitembea naye tu uani akimsemesha, magoti yanamuuma, fimbo hana. Wewe, simama. Wewe, twende. Wewe, umeniletea nini leo. Halafu siku moja naona toka dukani kwangu, mama mstaafu, kitambaa kichwani, amekaa kwa kupanua juu ya punda, anaingia sokoni. Watu waliacha nyanya wakashangaa. Muuza mitumba akapaza sauti, "Hata Yesu aliingia hivyohivyo!" Sista akamjibu bila kusimama, "Muache Yesu apumzike. Mimi nimepanda kwa sababu goti linauma."

Na kila alipomwona mzee, aliteremka na kusalimia. Kuteremka kulimuuma, kupanda kulimuuma zaidi, alitafuta jiwe au ngazi ya duka, lakini alishuka. Wazee wengine walianza kumkimbia kwa huruma.

Alienda sokoni mwenyewe. Alienda kanisani mwenyewe, kliniki mwenyewe, ziwani kununua perege mwenyewe. Hakumwomba mtu. Nataka hilo mlishike.

Halafu mjinga mmoja akampiga video pale karibu na stendi, Sista anahangaika kupanda, gauni limenasa. Ikazunguka kwenye magrupu na vikatuni vya kucheka machozi. Ikamfikia mtoto wa kaka yake, bwana wa ofisini, mwenye nyumba ya vigae kule Maisaka. Wenzake kazini walimuuliza kama ndiye shangazi yake. Hapo ndipo mapenzi yakamjia. Miaka yote goti linauma hakuonekana. Picha ilipomuaibisha, akaitisha kikao cha familia.

Nilikuwepo, niliitwa kama jirani. Soda zilikuwepo, mandazi yalikuwepo, sala ya kufungua ilikuwepo. Mwenyewe Sista alikalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati, na kila mtu alimwongelea kwa "yeye".

"Ni usalama wake tu," alisema yule bwana. "Akianguka je, nani atalaumiwa?"

"Nimeanguka kwenye milima usiyoijua," Sista akasema. "Nikapanda tena."

"Shangazi, sasa ni umri. Na heshima ya ukoo nayo tuiangalie."

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kwa busara nyingi, mdomo umejaa andazi. Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia, "Huyu punda ndiyo miguu yake. Mkimuondoa punda mmemkata miguu, mseme hivyo, msiseme usalama." Yule bwana akaniambia kwa adabu kwamba haya ni mambo ya kifamilia. Nikamuuliza, kama ni ya kifamilia mimi niliitiwa soda?

Hawakufikia uamuzi mbele yake. Wangewezaje, na mdomo ule! Walisubiri siku yake ya kliniki. Wakamletea bajaji, wakamsindikiza kwa upendo, na aliporudi alikuta kamba imening'inia kwenye mti na godoro la gunia limekunjwa vizuri. Vizuri kabisa, kona kwa kona. Punda kauzwa kwa mtu wa mkokoteni, mbeba maji. Wakamwambia bajaji itakuja kila akitaka kutoka. Ilikuja kwa muda, kisha ikaja siku za Jumapili, kisha dereva akawa hapokei simu. Mwishowe wakasema basi aje akae Maisaka, karibu na watu wake, wakamhamisha. Watu wake! Sisi tuliokula naye mchicha wake tulikuwa akina nani?

Niliwatukana. Nilikwenda mpaka kwa yule bwana nikamtukana getini kwake, majirani wakatoka. Mke wake akanikaribisha ndani kunipoza, na huko ndani nikaliona tandiko. Wamelitundika ukutani, juu ya televisheni, wamelizungushia maua ya plastiki. "Limependezesha, eh?" akaniuliza. Nikatoka bila kunywa chai.

Baada ya hapo zikaanza habari kwamba Sista anaondokwa na akili. Yule bwana mwenyewe alipita dukani akanieleza, macho ya huzuni. Asubuhi anaongea vizuri, anagombana na kila mtu, hana tatizo. Ikifika alasiri anakaa barazani anaitazama barabara na hamjibu mtu. Shikamoo haitikii. Mgeni akija anakodolewa macho tu. "Ni uzee, Mama Neema. Tumezungumza na daktari." Nilimfungia dawa yake nikampa. Nilikasirika kwa upya, na safari hii nilimkasirikia Sista. Yeye! Aliyemng'ata farasi sikio, leo amekaa upande, amekubali kuwa mzigo?

Nikachukua bodaboda mchana uleule nikaenda Maisaka kumwambia.

Nilishukia barabarani, nje ya geti, kwa sababu yake. Alikuwa barazani juu, kwenye kiti, fimbo ya kutembelea magotini. Amekonda. Nikapanda ngazi, nikasimama mbele yake.

"Shikamoo Sista."

Hakuitikia. Alinitazama, akanitambua, niliona kabisa kwamba amenitambua, kisha akarudisha macho barabarani. Midomo ameibana.

"Shikamoo Sista! Ni mimi, Mama Neema." Basi nikafumuka. "Kumbe ni kweli. Kumbe wamekuweza! Ndiyo nini hii, Sista? Umekaa hapa kama ndoo, watu wanasema umechanganyikiwa na wewe unawasaidia kusema? Si ulinifundisha wewe kwamba mzigo ndio—"

Aliinua mkono. Si kwa hasira. Aliuweka kwenye midomo yangu, mkono mzima, laini, kama anavyomfunga mtoto mdomo asimwamshe mdogo wake. Nikasikia magurudumu.

Mkokoteni ulikuwa unakuja toka upande wa kisimani, umejaa madumu ya maji. Mbele yake alikuwepo. Nilimjua kwa lile sikio. Mgongo ulikuwa na mfereji, begani kidonda kibichi, na mwenye mkokoteni alikuwa anatembea pembeni na fimbo. Walipokaribia geti, punda alipunguza mwendo. Akayageuza masikio yote mawili kuelekea barazani, lile zima na lile lililochanika. Mwenye mkokoteni aliinua fimbo tayari, kama mtu anayejua kinachokuja. Mkono wa Sista ulibaki mdomoni mwangu. Punda alivuta hatua moja, akasubiri, akavuta nyingine. Halafu masikio yakarudi mbele, akaenda. Fimbo ilishuka bila kupiga. Magurudumu yakaishia kwenye kona ya mashine ya kusaga.

Sista aliuondoa mkono.

"Marahaba, Mama Neema," alisema.

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Siku ya kwanza nilipomwona nilimwita. Nilisema 'Wewe' tu. Akasimama katikati ya barabara. Alipigwa mpaka akapiga magoti, na hakuondoka, ananisubiri nishuke. Kesho yake nikamsalimia mtu hapa, sikumwita yeye, akasikia sauti, akasimama tena. Akapigwa tena." Alifuta mkono wake kwenye khanga. "Anapita alasiri, sijui saa ngapi hasa. Kwa hiyo nafunga mdomo mpaka apite."

"Umewaambia hawa?"

"Niliwaambia. Wakasema ni punda tu, Shangazi."

Nilitaka kuvunja kitu. Nilitafuta kwa macho, palikuwa na maua ya plastiki na viti vya plastiki, hakuna kitu pale ambacho kingevunjika. Hapo ndipo gari likaingia getini. Yule bwana hakuzima injini. Alishusha kioo, akatabasamu, akasema kwa sauti ile ya kuongea na viziwi, "Shikamoo Shangazi! Umeshindaje leo?" Hakujibiwa. Akanigeukia mimi. "Unaona mwenyewe, Mama Neema. Ndiyo hali."

"Shuka," Sista alisema.

Bwana yule alinitazama mimi, akidhani ni mimi niliyesema.

"Umemsikia," nikamwambia. "Shuka."

Alizima injini. Alishuka, akaja mpaka chini ya ngazi, mikono hajui pa kuiweka, akainamisha kichwa kama tulivyofundishwa sote. "Shikamoo Shangazi."

Sista alimtazama kwa kituo. Kisha akageuza uso, akaangalia kona ya mashine alikoishilia punda wake. Jua likazama, mimi nikaaga, yule bwana nikamwacha amesimama palepale chini ya ngazi. Marahaba yake anaingoja mpaka leo.